Hadaa za Mtandaoni: Aina Zake na Namna ya Kujikinga

Mtahiniwa, bila shaka umewahi kuona ujumbe huu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Aliyeutuma hakufahamu. Ameutuma kwa namba nyingi kwa mkupuo, akijua kuwa miongoni mwao yupo mtu ambaye siku hiyo kweli anadaiwa na anasubiri kuelekezwa pa kutuma. Mtu huyo akiharakisha, pesa imekwenda.

Maana

Hadaa ya mtandaoni ni ulaghai ambao mhalifu hujifanya mtu au taasisi unayoiamini ili umpe fedha, nywila au namba yako ya siri kwa hiari yako. Zingatia maneno "kwa hiari yako". Hapa mhalifu havunji kufuli. Anakushawishi umfungulie mlango.

Aina za hadaa

1. Hadaa ya jumla: barua pepe ya aina moja hutumwa kwa maelfu ya watu, kwa mfano "akaunti yako itafungwa leo".

2. Hadaa lengwa: mhalifu humchunguza kwanza mtu mmoja, kisha humwandikia akitaja jina lake, kazi yake au shule yake.

3. Hadaa ya wakubwa: hulenga wakurugenzi na wahasibu wenye mamlaka ya kuidhinisha malipo.

4. Hadaa ya ujumbe mfupi: hupitia SMS au WhatsApp, kama mfano wa mwanzo.

5. Hadaa ya simu: mhalifu hupiga akijifanya mhudumu. Julai 2020, wafanyakazi wa Twitter nchini Marekani walihadaiwa kwa simu. Wahalifu wakaingia katika akaunti za watu mashuhuri, akiwemo Barack Obama, na kuwaomba wafuasi wao fedha.

6. Tovuti bandia: ukurasa hufanana na ule halisi, lakini unachoandika humfikia mhalifu.

Namna ya kujikinga

(a) Soma anwani yote. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na ya Baraza la Mitihani ni necta.go.tz. Kama baada ya .go.tz kuna nukta na jina jingine, kabla ya alama ya mkwaju, hiyo si tovuti ya serikali.

(b) Usimpe mtu yeyote namba ya siri wala namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako. Anayepata tarakimu sita za WhatsApp anaweza kuichukua akaunti yako na kuwakopa ndugu zako kwa jina lako.

(c) Hakikisha kwa njia nyingine. Ukiambiwa mjomba amebadili namba, piga ile ya zamani.

(d) Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili nywila ikiibwa isitoshe peke yake.

(e) Kumbuka kuwa kampuni za simu nchini huwapigia wateja kwa namba 100 tu.

(f) Toa taarifa. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu wa aina hii kuwa kosa la jinai.

Jambo linalokuhusu wewe

Msimu wa mitihani, matapeli huuza "mitihani iliyovuja", na baada ya mtihani huahidi "kurekebisha matokeo". Hii ni hadaa inayolenga hofu yako. Ukilipa, unapoteza pesa ya mzazi, na ukikutwa katika udanganyifu unaweza kufutiwa matokeo yote ya miaka minne. Waeleze pia wazazi nyumbani, kwa maana namba ya siri ya akiba ya familia mara nyingi iko kwao.

Angalizo

Usichanganye hadaa na virusi. Virusi ni programu inayoharibu kompyuta; hadaa ni udanganyifu unaomlenga binadamu, ingawa kiungo cha hadaa kinaweza kuleta virusi. Aidha, ukiulizwa "fafanua", usiorodheshe tu: taja aina, eleza inavyofanya kazi, toa mfano.

Swali la kujipima

Mama Asha amepigiwa simu na "mhudumu" anayemtaka ataje namba ya siri ili apokee zawadi. Taja aina ya hadaa hiyo, kisha fafanua hatua tatu anazopaswa kuchukua.