Mkuki wa Kivuli: Namna ya Kupima Silaha ya Uchawi Mezani

Vilima vya Samia, katika Busia ya Kenya, vilisifika kwa mawe ya chuma muda mrefu kabla ya mpaka na Uganda kuchorwa. Wahunzi wake walifua majembe yaliyonunuliwa hadi nchi ya Wajaluo. Kwa hiyo anayesimamia mchezo wa kuigiza mezani, kati ya Busia na Tororo, akitaka kubuni silaha ya uchawi, ana chuma cha kuanzia na ana visa vya kuipa silaha hiyo masharti. Kilichobaki ni hesabu.

Katika Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, mshambuliaji hurusha dadu la pande 20, huongeza nyongeza ya nguvu na umahiri wake, na akifikia kinga ya adui amempata. Mpiganaji mwenye nyongeza ya 5 humpata adui mwenye kinga ya 15 kwa asilimia 55. Mkuki ulioshikwa kwa mikono miwili, pamoja na pointi 3 za nguvu zake, hutoa jeraha la wastani wa 7.5. Tukiacha pigo la pekee la 20, kila zamu humletea jeraha la 4.1. Mpe sasa mkuki wa uchawi wa nyongeza ya 3: nafasi ya kumpata adui inafika asilimia 70, jeraha linakuwa 10.5, na zamu inazaa 7.35. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 80, kwa sababu nyongeza inaingia mara mbili, kwenye shabaha na kwenye jeraha. Wenzake mezani watabaki watazamaji.

Ndipo unapohitajika mwiko. Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano, alikuwa na mwili wa jiwe na uhai wake ulikuwa kivulini. Mke aliyetoka kwa maadui ndiye aliyeigundua siri. Naye Fumo Liyongo, shujaa wa visa vya Pate, aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kama kanuni za mchezo, kitovu hakifai: udhaifu unalala vita vyote, kisha unaua mara moja. Kivuli ni bora zaidi, maana kipo uwanjani kila siku na hubadilika.

Basi mkuki wa Samia uwe hivi. Pasipo mwanga wa kutupa kivuli, ni chuma cha kawaida. Penye mwanga, una nyongeza ya 3, lakini anayekipiga kivuli cha mwenye mkuki amempiga mwenyewe, bila kujali deraya. Busia iko chini ya nyuzi moja kutoka ikweta. Machi na Septemba, karibu na saa saba kasorobo mchana, jua hupita utosini na kivuli hujikunja miguuni. Saa hiyo kipewe kinga ya 18. Saa tatu asubuhi kipewe 15, na saa kumi na moja jioni, kikiwa kirefu, 12. Adui mwenye nyongeza ya 4 humpata mvaa deraya ya kinga ya 16 kwa asilimia 45. Kivuli cha jioni hukipata kwa asilimia 65, cha mchana kwa asilimia 35 tu. Sasa mchezaji ana jambo la kuamua: apigane lini, na wapi.

Kuna kipimo cha pili, nacho ni siri. Maadui wa kwanza hawajui lolote kuhusu kivuli. Lakini kila anayenusurika vitani hubeba habari, na katika mji wa mpakani wenye soko na malori, habari hazikai mahali pamoja. Msimamizi aandike ni nani tayari anajua, wala asiwape maadui wote ujuzi huo kwa kuwa tu yeye anao. Hilo linampa mchezaji sababu ya kumfuatilia adui aliyetoroka, na linawapa wenzake kazi ya kufanya.

Siri ikishaenea, na mwenye mkuki bado anamaliza mapigano mengi peke yake, punguza nyongeza iwe 1. Usiongeze udhaifu: udhaifu mkubwa zaidi utamuua mhusika wake, lakini zamu walizopoteza wenzake hautazirudisha.