Herufi Nane kwenye Kioo cha Televisheni

Televisheni nyingi za siku hizi huunganishwa na intaneti, lakini hazina kibodi. Mwenye nyumba atakaye kufungua akaunti yake ya filamu hulazimika kutafuta herufi moja moja kwa rimoti, huku watoto na wageni sebuleni wakilisoma neno lake la siri.

Ili kuondoa adha hiyo, mafundi walibuni njia nyingine, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwezi Agosti 2019 na IETF, jumuiya ya wataalamu waziwekao kanuni za intaneti. Televisheni huonyesha msimbo mfupi, kwa mfano WDJB-MJHT, pamoja na anwani ya kufungua kwenye simu. Mwenye akaunti huifungua anwani hiyo, huandika msimbo, kisha hukubali. Wakati huo televisheni huiuliza kampuni yenye akaunti, kwa kawaida kila baada ya sekunde 5, iwapo ruhusa imetolewa. Ikishatolewa, televisheni hupewa kibali chake yenyewe. Neno la siri halipiti humo kamwe.

Njia hii ni nzuri, lakini ina mahali pa kujihadhari. Tapeli aweza kuuomba msimbo kwa kifaa chake, kisha akakupelekea kwa ujumbe, akijifanya mtumishi wa kampuni au mwenzako akualikaye mkutanoni. Ukiuandika na kukubali, umemruhusu yeye. Anwani uliyoifungua ni ya kweli, na neno lako la siri halikuibwa. Mlango umeufungua kwa mkono wako. Mwezi Februari 2025 kampuni ya Microsoft ilionya kwamba kundi moja la wadukuzi lilikuwa likitumia hila hiyo tangu Agosti 2024.

Kwa hiyo, wazazi, yatupasa kuwafundisha vijana na wazee wetu jambo moja: msimbo huandikwa pale tu unapouona mwenyewe kwenye kifaa kilicho mbele yako, nawe ndiwe uliyeianza shughuli hiyo. Ukiletewa na mtu mwingine, hata kama ni kwa jina la rafiki, usiuandike.

Aidha, kabla ya kuuza televisheni au kumpa jamaa, fungua akaunti yako kwa simu, tazama orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa, ukifute hicho. Kibali hakiondoki kwa sababu tu televisheni imehama nyumba.