Enzimu ya sumu ya nyoka yenye kusaidia labo kupima damu

Mashariki mwa Congo, mtu akisikia sumu ya nyoka anawaza kifo tu. Lakini katika labo za hospitali kubwa, kitu kimoja kinachotolewa ndani ya sumu hiyo kinasaidia waganga kujua kwa nini damu ya mgonjwa haigandi.

Kitu hicho kinaitwa batroksobini. Ni enzimu, yaani protini yenye kuharakisha kazi fulani mwilini. Inatoka kwa nyoka wa Amerika ya Kusini, ndugu wa mbali wa moma na kifutu wanaojulikana huku.

Ndani ya damu mna protini nyingine, fibrinojeni. Mtu akijikata, mwili unatengeneza trombini, ambayo inageuza fibrinojeni kuwa nyuzi. Nyuzi hizo zinashikana kama wavu, na damu inaacha kutoka. Batroksobini nayo inageuza fibrinojeni kuwa nyuzi.

Sasa faida iko wapi? Wagonjwa wengi, kama wale wanaosafishwa damu kwa mashine juu ya figo, wanapewa heparini ili damu isigande. Heparini inafunga trombini. Labo ikipima kwa trombini na damu ikachelewa kuganda, munganga anajiuliza: ni ugonjwa, ao ni heparini tu? Hapo wanatumia batroksobini, juu heparini haiwezi kuifunga. Damu ikiganda kwa sekunde 20 hivi, heparini ndiyo inashukiwa. Ikichelewa tena, fibrinojeni ni kidogo ao haifanye kazi vizuri.

Katika labo ni tone moja. Mwilini mwa aliyeumwa ni mambo mengine: sumu ya nyoka kama hao inaweza kumaliza fibrinojeni yote. Damu inabaki kama maji, na mtu anatoka damu kwenye fizi, kwenye kidonda, hata ndani ya kichwa.

Ndiyo sababu hata kituo cha afya kisicho na mashine kinaweza kupima. Damu kidogo ya mshipa inawekwa katika chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, inaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha inainamishwa. Ikitiririka, sumu imeharibu damu, na mgonjwa anahitaji serumu ya kupinga sumu. Lakini ikiganda, hatari haijaisha: sumu ya swila na ya mamba, yule nyoka wa miti, inaweza kufunga pumzi bila kugusa damu.

Kwa hiyo, aliyeumwa asikatwe wembe, asifungwe kamba, asiwekewe jiwe nyeusi. Atulizwe, mguu ao mkono usitikisike, avuliwe pete na bangili, na apelekwe haraka hospitalini. Kila saa inayopotea nyumbani, sumu inaendelea na kazi yake.