Mantiki katika Usomaji wa Fasihi: Hoja ya Mtemi na Hoja ya Mtaani

Jioni katika mitaa ya Kayole au Dandora, ukelele wa "Mwizi!" ukisikika na kijana akaonekana akitimua mbio, kundi linalomwandama huwa limekwisha kukamilisha hoja yake: wezi hukimbia, huyu anakimbia, basi huyu ni mwizi. Kauli mbili za mwanzo zaweza kuwa za kweli, na bado hitimisho likawa la uongo, kwa kuwa kauli ya kwanza haikusema kwamba wote wakimbiao ni wezi. Huenda kijana anawahi matatu. Huenda anawakimbia hao hao wanaomfukuza. Kosa hili la mantiki limewahi kuwatoa watu roho katika mitaa ya Eastlands. Ndilo kosa, kwa gharama nafuu mno, ambalo mwanafunzi wa sekondari hulitenda katika karatasi ya fasihi.

Riwaya ya Ken Walibora, *Kidagaa Kimemwozea* (2012), iliyotahiniwa katika KCSE kati ya 2013 na 2017, yafaa sana kulifafanulia jambo hili. Mtemi Nasaba Bora anamkuta Amani chumbani mwa mkewe, Bi Zuhura. Papo hapo anahitimisha kuwa kijana huyo ni mzinzi, kisha anampiga vibaya. Hoja yake ina umbo lile lile la mtaani: mzinzi hupatikana chumbani, Amani amepatikana chumbani. Msomaji anajua kwamba Amani aliingia humo kutoa msaada baada ya kusikia mayowe. Anajua pia kwamba mwenye kuzini ni Mtemi mwenyewe, baba wa kitoto Uhuru aliyezaliwa na Lowela. Kejeli ya riwaya inasimama juu ya pengo hilo baina ya kauli na hitimisho. Asiyeliona pengo hubaki na kisa kitupu.

Kitoto hicho kinapofariki baada ya kupuuzwa na wauguzi, Amani na Imani waliokuwa wakikilea ndio wanaotiwa mbaroni. Waliokuwa karibu na maiti wanafanywa wauaji.

Swali la mtihani linapotaka mtahiniwa athibitishe ukatili wa Mtemi, wengi huandika: "Mtemi ni mkatili kwa sababu alimpiga Amani." Tukio ni la kweli, lakini kauli ya kati haipo. Si kila apigaye ni mkatili. Aliyempiga jambazi akijilinda haitwi hivyo. Kinachokosekana ni hiki: kumwadhibu mtu bila kumsikiliza ni ukatili, na Mtemi hakumsikiliza Amani. Aghalabu miongozo ya vitabu huorodhesha sifa na matukio, ikaiacha kauli hiyo ya kati.

Wapo wanaoilaumu Sheng, lugha iliyokulia Eastlands: mwanafunzi huzungumza Sheng, mwanafunzi ameanguka fasihi, basi Sheng imemwangusha. Hii nayo ni hoja ya Mtemi. Kijana wa Kaloleni anayebishana na utingo kuhusu nauli hudai sababu kwa kila shilingi iliyoongezwa, na hakubali jibu lisilomtosheleza. Ustadi anao tayari. Darasani hajaulizwa autumie. Mwalimu anaweza kuanza kwa kuiandika ubaoni hoja ya Mtemi, kauli kwa kauli, kisha akawataka wanafunzi wataje sababu nyingine zote ambazo zingemfikisha Amani katika chumba kile.