Mshumaa Juu ya Skonzi

Huku kwetu Mikindani, siku ya kuzaliwa ni jambo la watoto. Bibi yangu hakuwahi kuijua tarehe yake. Alisema tu kwamba alikuwa msichana wa kutumwa maji wakati bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, na hilo lilitosha mtaa mzima kulijua rika lake. Keki, mishumaa na kumwagiana maji vimeletwa na wajukuu.

Machi 16, 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe. Hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Uganda na Rwanda. Bekari ziliendelea kuoka, mlangoni ndoo ya maji tiririka na sabuni. Lakini nani angethubutu kualika watoto wa mtaa mzima, waje wasongamane kwenye meza moja?

Binti yangu wa mwisho alitimiza miaka 7 mwezi Mei, katikati ya Ramadhani. Nyumba nzima ilinukia mchaichai na mwarobaini wa kujifukiza. Sukari nayo ilikuwa imeadimika mpaka serikali ikatoa bei elekezi, kwa hiyo keki kubwa ya kuandikwa jina niliiacha. Bekari nilinunua mfuko wa skonzi, nyumbani nikapika mkate wa kumimina. Mama mkubwa, ambaye asingeweza kuja kutoka Msimbati, alitutumia nazi na korosho kwa bodaboda.

Mkate huu hautaki oveni. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa laini na tui zito, ukatiwa hamira, sukari na iliki, kisha ukaachwa uumuke. Hamira hula sukari na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayotoboa vile vitundu tunavyovipenda. Sufuria lipakwe mafuta, liwe la moto kabla ya kumimina. Chini moto uwe mdogo, juu ya mfuniko upalie makaa mengi zaidi. Anayeharakisha moto wa chini atapata ukoko mweusi na tumbo bichi. Korosho nilizikaanga kidogo, nikazitandaza juu pale uso ulipoanza kushika.

Lililonisumbua ni mshumaa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeeleza kwamba hakuna ushahidi wa watu kuambukizwa korona kwa kula chakula. Hatari ilikuwa pumzi na mate ya mtu aliye karibu. Na kuzima mshumaa ni nini, kama si kupuliza pumzi mbele ya nyuso za wote waliouzunguka? Hata kabla ya korona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima jambo hili. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017 yalionyesha kuwa kupuliza mishumaa kuliongeza bakteria kwenye krimu kwa asilimia 1,400 kwa wastani, ingawa watu walitofautiana sana. Bakteria si virusi, na wengi wao hawadhuru, lakini mama yeyote ataelewa mate yamefika wapi.

Kumnyima mtoto mshumaa wake sikutaka. Mwaka ule alikuwa amekwisha kunyimwa shule, marafiki na madrasa. Baada ya magharibi, tulipokwisha kufuturu, tuliuchomeka mshumaa kwenye skonzi moja, tukamsogeza dirishani peke yake. Akapuliza kwa nguvu zake zote, skonzi ile akaila mwenyewe. Mkate wa kumimina ulikuwa bado umefunikwa kawa, na hapo ndipo tulipoukata. Majirani walipata sahani zao mlangoni, kila moja na kipande cha mkate na skonzi. Mama mkubwa aliona yote kwa simu, akaanza kuuliza makaa niliyapalia saa ngapi.

Shule zilifunguliwa tena Juni 29, na sherehe za watu wengi zikarudi. Nyumbani kwetu keki ya wageni haipulizwi tena. Mwenye siku yake hupewa skonzi na mshumaa wake, na majirani wawili wameanza kufanya hivyo. Watoto wameipenda desturi hii kwa sababu yao wenyewe: mwenye siku anakula mara mbili.