Kila Mfupa Una Bei? Kweli na Uongo Kuhusu Fidia ya Maumivu

Mtu akigongwa na gari nchini Kenya, ushauri humfikia kabla ya ambulensi. Makanga ana wake, mwendesha boda boda ana wake, na shemeji aliyewahi kulipwa na bima ana wake, tena wenye tarakimu. Mwingi hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo nimewaona watu wakipoteza haki yao kwa kumwamini shemeji, na jambo hilo linaniuma. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi zaidi, nikiyapima kwa sheria ya Kenya.

"Bila risiti hulipwi chochote."

Si kweli, na uongo huu huwavunja moyo hasa vibarua na mama mboga, ambao maisha yao hayaandikwi kwenye karatasi. Mahakama huigawa fidia mafungu mawili. La kwanza ni fidia mahususi: dawa, eksirei, nauli ya kliniki, ada ya ripoti ya daktari. Hiyo lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe kwa risiti; risiti ikipotea, pesa hiyo nayo kwa kawaida hupotea. La pili ni fidia ya jumla. Humo ndimo yanamohesabiwa maumivu, mateso, na kupoteza raha za maisha: kushindwa kumbeba mtoto, kuacha mpira, kusali ukiwa umekaa kitini ilhali wenzako wanasujudu. Hakuna duka linalotoa risiti ya usiku uliokosa usingizi, na mahakama haiidai.

Inachodai ni ushahidi. Kuna abstrakti ya polisi, fomu ya P3, karatasi za hospitali, ripoti ya daktari, na maelezo yako mwenyewe ukiwa umeapa. Haya ya mwisho ndiyo watu huyadharau. Mimi niliwahi kuvunjika mkono barabarani. Mwaka mmoja na zaidi baadaye, daktari aliyenipima kwa ajili ya kesi aliniuliza ilichukua muda gani kabla ya kuweza kufunga vifungo vya shati bila msaada. Sikukumbuka. Miezi ile nililia karibu kila asubuhi mbele ya kioo, lakini mwili ulikuwa umeshasahau. Tangu siku hiyo kila jamaa yangu anayeumia nampa daftari la shule: andika leo umeshindwa nini, umemeza dawa gani, nani amekuogesha. Daftari halichukui nafasi ya ripoti ya daktari, lakini hukukumbusha ukweli utakapoulizwa maswali na wakili wa upande wa pili.

"Kila mfupa una bei yake."

Nusu kweli. Hakuna orodha ya bei ambayo hakimu huifungua na kusoma kwamba paja ni kiasi hiki na mbavu kiasi kile. Anachofanya ni kutazama kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana. Kila wakili humletea hukumu zake: wa mwathiriwa huchagua zilizolipa vizuri, wa bima huchagua zilizolipa kidogo. Hakimu hupima kati ya hizo, akikumbuka kwamba shilingi ya miaka kumi iliyopita si shilingi ya leo, kisha huangalia mtu aliye mbele yake. Amepona kabisa? Daktari ameandika ulemavu wa kudumu wa asilimia ngapi? Mguu umefupika?

Ndiyo maana watu wawili waliovunjika mfupa uleule katika matatu moja wanaweza kupata viwango tofauti bila yeyote kuonewa. Ukikata rufaa, jaji hatabadilisha kiasi kwa sababu tu yeye angetoa kingine. Ni lazima kiwe kikubwa au kidogo kupita kiasi, au kimefikiwa kwa msingi usio sahihi.

"Hukuvaa helmeti, huna kesi."

Si kweli. Uzembe wako hupunguza fidia. Kwa kawaida hauifuti. Mahakama hugawanya lawama kwa asilimia. Tuseme fidia yako ni shilingi 500,000 na umeonekana kuchangia asilimia 20: utapata 400,000. Vaa helmeti hata hivyo. Kichwa cha mtu hakitibiki kwa hukumu.

"Aliyefariki ameondoka na maumivu yake."

Si kweli. Chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, madai ya marehemu hubaki kuwa ya mirathi yake. Maumivu aliyoyapata tangu ajali hadi kukata roho hulipwa, na muda una uzito: aliyelala hospitalini wiki tatu hahesabiwi sawa na aliyefia barabarani. Kwa kufupishiwa maisha, mahakama kwa muda mrefu zimezoea kutoa takriban shilingi 100,000. Ni kiasi kidogo mno, nami sioni haya kusema hivyo. Fedha kubwa zaidi kwa familia huwa ni za waliomtegemea marehemu, chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32.

"Bima italipa yote."

Si lazima. Bima ya lazima ya gari inaibana kampuni ya bima kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe, na wengi wao hawana kitu.

"Kesi haiozi."

Inaoza. Madai ya majeraha yafunguliwe ndani ya miaka 3. Yakiwa dhidi ya Serikali, ndani ya miezi 12 tu. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi kwa siku 60 na ambako unaweza kusimama bila wakili.

"Nikiumia kazini nitamshtaki mwajiri kwa maumivu."

Kwa kawaida, hapana. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 iliyaondoa madai hayo mahakamani na kuyapeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96 na asilimia ya ulemavu. Maumivu hayana mstari wake katika hesabu hiyo.

"Nikisaini hati ya bima, naweza kurudi hali ikizidi."

Si kweli, na hapa ndipo nawasihi watu wasiwe na haraka. Hati ile husema umelipwa na huna dai lingine. Huletwa mapema, wakati kodi ya nyumba imechelewa na mguu ungali na plasta. Kabla ya kusaini, muulize daktari nini bado hakijaisha. Kama ndani ya mfupa kuna chuma kitakachotolewa baadaye, gharama ya upasuaji huo hudaiwa katika kesi hii hii. Ukishasaini, siku ya kukitoa utalipa mwenyewe.