Magadi, Soda Kali na Selulosi: Tahadhari kwa Wafasiri

Katika kata ya Sigino, mjini Babati, mahindi yakishavunwa mabua hubaki shambani, nao ng'ombe huyatafuna wakati wa kiangazi kwa kukosa kilicho bora. Bua kavu ni chakula hafifu, ingawa theluthi moja yake au zaidi ni selulosi, na selulosi si kitu kingine ila molekuli za glukosi zilizoungana kuwa mkufu mrefu.

Ugumu hautoki kwenye glukosi. Mikufu hiyo hulala sambamba, ikashikamana kwa vifungo vya haidrojeni, kila kimoja dhaifu lakini vyote pamoja imara. Kisha huzungukwa na hemiselulosi na lignini, kama fito ndani ya udongo wa ukuta. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe hukosa pa kuingilia.

Alikali ndiyo hufungua njia. Hukata viungo baina ya lignini na hemiselulosi, na kuvimbisha nyuzi, maji yakapata kupenya. Mpishi wa makande atiaye magadi ili maharage yaive upesi hutumia tabia iyo hiyo. Yeye hana haja ya istilahi, sisi tunayo.

Hapa mfasiri hana budi kutofautisha mambo mawili. Kwa alikali ya kadiri, kama itumikayo katika malisho, mpangilio wa selulosi kwa sehemu kubwa hubaki ulivyokuwa. Kilicholegea ni ukuta. Kwa soda kali iliyo nzito, kama ile aliyoitumia Mwingereza John Mercer katika pamba, akapewa hataza mwaka 1850, mikufu huachana, na alikali ikishasuuzwa hujipanga upya: iliyokuwa ikielekea upande mmoja sasa hupishana, mmoja huku, mwingine kule. Hairudi katika hali ya kwanza. Hata hivyo mikufu yenyewe haikusagika, na glukosi ni ile ile. Kwa hiyo kuandika kwamba alikali "huyeyusha" selulosi ni kosa, na "huiozesha" ni kosa kubwa zaidi. Tunapendekeza "kuvimbisha" kwa jambo la kwanza, na "kupanga upya" kwa la pili.

Lakini kosa linalotutia hofu ni jingine. Magadi ya Ziwa Natron ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Watafiti wa kilimo nchini walikwisha kuyajaribu katika mabaki ya mazao. Soda kali ni haidroksidi ya sodiamu, nayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Waraka ukiziita zote mbili "magadi", msomaji wa Sigino atachota soda kali kwa mkono mtupu, kama achotavyo magadi jikoni. Mfasiri aandike "soda kali" kwa ukamilifu kila mara, wala asifupishe ikawa "soda", maana hiyo kwa watu wengi ni kinywaji cha dukani.